Utukufu wa Dabo Kebini

Kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, kina urefu wa kilomita 4 hivi, na upana wake mtu huukata kwa miguu bila kupumzika. Ford F-150 ya milango minne, ile ambayo baba wa Kimarekani huinunulia familia yake, ina urefu wa karibu mita 6. Hesabu ni nyepesi: magari yasiyofika 700, yakipangwa bampa kwa bampa, yataunganisha ncha moja ya kisiwa na nyingine, na kina mama wataweza kwenda kuanika mwani wakitembea juu ya maboneti. Ni miradi michache sana iliyowahi kuahidi Kilwa jambo rahisi kupimika kiasi hicho. Kwa hiyo ni haki, tena haki iliyocheleweshwa, pikapu kubwa isifiwe.

Isifiwe kwanza kwa nasaba. Mwaka 1964 Marekani, iliyokasirishwa na ushuru ambao Ulaya iliwawekea kuku wake, ililipiza kwa kutoza asilimia 25 kwa malori mepesi yatokayo nje. Kuku wale wameliwa zamani na mifupa yao imesahaulika. Ushuru upo hadi leo, na nyuma ya ukuta huo viwanda vya huko vimenenepesha pikapu zao bila kuogopa mshindani mdogo. Kiumbe mwingine aliyezaliwa na ugomvi wa kuku angeinamisha kichwa. Pikapu imejiotesha shoo ya mbele inayomfika mtu mzima kifuani.

Kilwa, mazungumzo ya gari huanza mnada wa ufuta ukishapita. Pesa ya stakabadhi ghalani imeingia, simu zimelia, na baba wa nyumba, ambaye hadi juzi alikuwa na pikipiki na amani, anatangaza kwamba familia sasa inataka usafiri wa maana. Kikao kinakaa barazani. Shemeji aliyeishi Muscat anataka Toyota Tundra, maana huko aliiona ikipanda mchanga. Kijana wa kidato cha tatu, anayeijua dunia kwa simu, anataka F-150. Mjomba anataka Land Cruiser ya mkonga kwa sababu inavuka maji, ingawa kwa bei yake familia ingepata mashua, injini ya mashua, na chenji ya kumwoza binti. Fundi wa Nangurukuru, aliyeitwa kutoa ushauri wa bure, anasema "Hilux," kisha anavuta sinia.

Kila mgombea ana fadhila zake. F-150 tangu toleo la 2015 ina bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu hata gari likilala ufukweni Kivinje. Ikipondwa, fundi aliyezoea kuchomelea bati ataizunguka kama mpishi aliyekabidhiwa sufuria ya ajabu. Tundra inaundwa San Antonio, Texas, na nembo ya Toyota iliyo usoni mwake haiwasaidii wauza spea wa Gerezani kuitambua. Hilux ipo tangu 1968. Mwaka 1987 wanajeshi wa Chad, wakiwa juu ya pikapu za Toyota, waliwafurusha Walibya wenye vifaru, na vita ikapewa jina la gari badala ya jina la jemadari. D-Max na Ranger nazo zisifiwe, basi, yaishe.

Fadhila moja ya Wamarekani wawili, F-150 na Tundra, haijapata mshairi, nayo ni usukani wa kushoto. Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara. Dereva wa F-150 akijikuta nyuma ya lori la korosho kati ya Kibiti na Somanga, anachokiona ni turubai na maandishi ya kumwogopa Mungu. Anayeona mbele ni mama watoto, aliyeketi kulia. "Pita." "Subiri." "Nimesema subiri!" Kuna waume waliofikisha miaka 20 ya ndoa bila kumsikiliza mke kwa makini ya namna hiyo.

Hayo yote ni utangulizi. Utukufu wenyewe uko nyuma, kwenye bodi.

Kiwandani bodi hupimwa kwa kilo, na ya Hilux hukadiriwa kubeba kama tani moja. Pwani kipimo ni ukoo. Alfajiri bodi hubeba madumu ya maji. Jua likichomoza hubeba mabati ya msikiti, na hapo mwenye gari hupokea dua, ambazo hazina mahali pa kumiminwa kwenye tangi. Saa nne hubeba pweza wa Songo Songo walioshushwa Somanga na maboksi ya barafu, na barafu huyeyuka njia nzima ikiacha harufu ambayo sabuni ya unga huipa heshima na kuiacha palepale. Mchana hubeba friji ya bibi harusi, na juu yake mama mdogo aliyekuja kuilinda friji isijidhuru. Alasiri hubeba jeneza. Jioni hubeba matarumbeta, na kama ni mwaka wa uchaguzi, hubeba mgombea udiwani, ambaye kati ya mizigo yote ndiye pekee anayepunga mkono. Usiku wa manane hodi inapigwa, na hapo hakuna wa kuuliza ni nini kinabebwa. Ni mjamzito, na mwenye gari anavaa msuli na kutafuta funguo.

Sheria ya usalama barabarani haikubali bodi ya pikapu igeuzwe basi. Pikapu imelitatua suala hilo kwa busara isiyofundishwa chuoni: walio kwenye bodi si abiria, ni walinzi wa mzigo. Friji moja inaweza kuwa na walinzi kumi na wanne, wakiwemo watoto watatu na mbuzi. Trafiki huliangalia jambo hilo kwa muda, akalielewa, kwa kuwa naye ana ndugu anayehama mwezi ujao.

Tena bodi ni mwalimu wa nasaba. Mwenye pikipiki hufa bila kuwajua ndugu zake. Mwenye pikapu, Jumamosi moja humtosha kuujua ukoo wake hadi Liwale. Mtu asiyemfahamu huja na kumwita mjomba, humwamkia shikamoo ingawa wanalingana umri, humuulizia bibi yake kwa jina, kisha hutazama juu kana kwamba wazo limemshukia sasa hivi: "Mjomba, kwani gari leo limelala?" Limelala! Gari limelala, naye mjomba amelala, na anayeuliza ndiye peke yake aliye macho mji mzima. Kuna ndoa za binamu zilizofungwa Kilwa kwa uthibitisho mdogo kuliko huo wa undugu.

"Mafuta nitaweka mwenyewe." Mwandishi wa makala haya amelisikia neno hilo kwa lafudhi zote za mwambao, na bado anasubiri kuiona lita ya kwanza. Anayeazima huweka mafuta ya shilingi elfu tano, akaenda Kivinje, akapitia Masoko kumsalimu shangazi, akarudi taa ya mafuta ikiwaka, kioo cha pembeni kimepinda upande ambao hakikuumbwa kupindia, halafu, mkononi bado ana funguo, anatoa uchunguzi wake wa kitaalamu: "Gari lenu linakula kweli." Linakula! Na tangu lini wewe umelilisha?

Samahani. Sifa ziendelee.

Pikapu humfundisha mwenyewe kufuatilia mambo ya taifa. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kwa bandari tatu, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na mtu aliyekuwa hajui hata kuna mamlaka ya kudhibiti nishati sasa hukodolea macho safu ya Mtwara kwa unyenyekevu wa anayesubiri majibu ya kipimo. Tangi la F-150, kwa toleo dogo, linameza zaidi ya lita 85. Hapo ndipo mtu wa Kilwa hupata nafasi ya kutafakari kwamba jijini Dar es Salaam kuna bajaji nyingi zisizonunua petroli. Zinakimbizwa na gesi asilia, inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo. Dereva wa Ubungo anachomeka mpira, anajaza, anaondoka akipiga mluzi. Anayevua pweza juu ya kisima cha gesi hiyo ananunua petroli ya boti kwa dumu.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP. Ilikaa chini miaka 30 ikisubiri, na 2004 ikaanza safari ya kwenda jijini: kama kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 ardhini hadi mitambo ya umeme ya Ubungo, na tanuri za saruji za Wazo zikapata fungu lao. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara, na tawi lake la Songo Songo likajiunga nalo hapo hapo pwani ya Somanga. Tangu siku ya kwanza gesi hiyo haijawahi kumwomba mtu lifti. Haijawahi kukalia gunia la ufuta. Haijaulizwa kama gari limelala.

Juu ya bomba, mambo ni mengine. Daraja la Mkapa lilivuka Rufiji mwaka 2003, watu wa kusini wakashangilia, halafu kipande cha kilomita 60 cha Ndundu hadi Somanga kikasuasua miaka na miaka kabla ya kupata lami. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua iliyokuja nacho ilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na mabasi na malori yakakwama pande zote mbili, watu wakalala njiani. Dabo kebini zilikuwepo kwenye foleni, nyingine na mikonga yao juu. Ilibainika kwamba gari lenye uwezo wa kuvuka chochote huhitaji hicho chochote kiwe bado kipo.

Familia ya Kilwa, basi, inapokaa barazani kubishana juu ya gari, kinachotafutwa si gari. Wanachagua ambulensi. Wanachagua basi la shule, gari la maiti, gari la maji, na kipande cha barabara cha kutembea nacho. Ndiyo maana wanataka kubwa. Kazi za wizara nne haziingii kwenye Vitz.

Na dabo kebini za kazi hizo zipo! Zipo nyingi, mpya, nyeupe. Zina namba za STK na STL za serikali kuu, SM za serikali za mitaa, SU za mashirika ya umma, DFP za miradi ya wafadhili. Hizi ndizo pikapu zilizofikia ukamilifu. Bodi zao zimefunikwa turubai lililokazwa mpaka linadunda, wala hakuna mbuzi aliyewahi kulijaribu. Vioo viko juu, ndani kuna kipupwe. Dereva yuko mbele, bosi nyuma kushoto, na kati yao mkoba wenye ajenda ya semina ya ushirikishwaji wa jamii. Jamii yenyewe iko kando ya barabara Somanga, imeshika mgonjwa mabega, inanyoosha mkono. Gari linapita. Si kwa ubaya, ni kwa utaratibu: chombo cha serikali hakipakii mtu asiyehusika. Kwa hiyo mwenye namba ya njano ya gari binafsi, ambaye sheria inamkataza, ndiye anayepakia, na mwenye bajeti, tangi lililojaa na dereva wa mshahara anamwachia vumbi.

Haki isemwe, serikali imeliona. Tangu 2022 mfumo wa m-mama umekuwa ukisambazwa mikoani: mjamzito akizidiwa, namba 115 hupigwa bila malipo, na ambulensi ikikosekana hutafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, akalipwa kwa simu. Ni mpango mzuri, na umeokoa watu. Pia ni mara ya kwanza kwa taifa kukiri kwenye karatasi kwamba gari la jirani lilikuwa ambulensi muda wote huo, na kwamba mafuta yake yana mwenyewe.

Ila dereva wa jamii haendeshi baharini. Mgonjwa wa Songo Songo anayehitaji hospitali ya wilaya, Kinyonga, iliyoko Kivinje, kwanza avuke, na kuvuka ni boti, upepo na maji kujaa. Kisiwani upo uwanja mdogo wa ndege, unaotumiwa zaidi na shughuli za gesi. Vivuko vya serikali nchini viko chini ya TEMESA, wakala uleule wenye kazi ya kuyatengeneza magari ya STK. Lindi mjini inacho kivuko chake, MV Kitunda, kinachovusha watu ghuba. Mtu mwenye nia mbaya angeuliza kwenye meza ya wakala huo ni lipi hufika kwanza, faili la gari la mkubwa au la kivuko kipya. Mwandishi hana nia mbaya. Ana pikapu ya kusifu.

Kikao cha barazani, kwa taarifa, kilimalizika kwa Hilux ya mtumba kutoka Japani, singo kebini, usukani kulia. Gari likizeeka hutozwa ushuru wa ziada bandarini, kwa hiyo bei ilipanda, na shemeji wa Muscat amenuna hadi leo. Namba iwe ya njano. Nyeupe ni ya biashara, inataka leseni ya LATRA, na hii familia haifanyi biashara, inasaidia watu tu. Azimio la mwisho lilipitishwa na mama watoto peke yake, wengine wakiwa kimya: anayekuja kuazima aje na dumu la lita 20, lililojaa, na ndoo ya kuoshea bodi. Wajawazito wameondolewa sharti hilo. Wagombea udiwani waje na madumu mawili.