Mbuzi Kumi wa Mtandaoni

Mimi ni mwandishi wa habari. Siku hizi nalisema hilo kwa sauti ya chini, maana kila nikilisema ndani ya daladala, aliyekaa pembeni yangu huuliza, "Blogu yako inaitwaje?" Sina blogu. Nina gazeti, na gazeti lenyewe si langu, wala mimi si wake sawasawa. Mwaka wa 19 huu naitwa mwandishi wa kujitegemea, cheo ambacho maana yake kamili ni kwamba ukiumwa, utajitegemea. Nalipwa kwa stori. Stori ikitoka, shilingi 7,000. Isipotoka, pole na kazi.

Ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu, aliyekuja mjini kusomea umeme wa magari na akalala sebuleni kwangu Mbagala miaka miwili. Umeme wa magari ukamshinda, akaniambia anafungua blogu. Nilimcheka mpaka chai ikanipalia. "Utakula nini?" nikamuuliza. Leo ana gari, na mwezi uliopita ndiye aliyenikopesha nauli ya kwenda kufuatilia malipo yangu ofisini.

Si kwamba sikuona dalili. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News ambaye sote tulimfahamu kwa kamera yake, alifungua blogu akiwa Helsinki, Finland. Sisi tuliokuwa tukijiona wenye fani tuliiangalia tukasema ni albamu ya familia: harusi ya huyu, msiba wa yule, fulani kapokewa uwanja wa ndege. Kumbe hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiililia Mtanzania aliyekaa kwenye baridi Uingereza au Marekani, asiyejua nyumbani nani kaoa na nani kazikwa. Michuzi akawa Ankal wa nchi nzima, wasomaji wakawa "wadau", na kuandika kukageuka "kuendeleza libeneke". Katika chumba chetu cha habari tukasema huo ni upepo, utapita. Ukapita kweli. Ukapita na meza zetu.

Sasa nije kwenye mbuzi.

Wiki tatu zilizopita mzee mmoja wa Kongowe aliibiwa mbuzi wawili usiku. Habari ndogo, lakini 7,000 ni 7,000. Nikapanda daladala, nikamhoji mzee, nikaona na kamba iliyokatwa. Wakati wa kurudi nikaiandika kwenye simu, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba la juu na kwapa la konda usoni. Simu yangu ina ufa unaopita katikati ya kioo. Ukibonyeza 2 yenyewe wakati mwingine inaanza na 1, kwa ukarimu tu. Mbuzi wakafika kwa mhariri wakiwa 12.

Hapa niseme ukweli, hata kama unaniumbua. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba tofauti ya gazeti na blogu ni malango. Sisi, nikawa nasema huku nimejishika kifua, habari yetu inapita kwa mhariri wa habari, ikapita kwa msanifu, ikapita kwa msoma prufu, ndipo ikaenda mtamboni. Basi mbuzi 12 walipita malango yote matatu wakiwa wameinua mikia, hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Wakatoka ukurasa wa 7, chini, pembeni ya tangazo la hati ya kiwanja iliyopotea.

Kabla jua halijachomoza mpwa wangu alikwishaibeba. Kazi ya kwanza ya mabloga kila alfajiri ni kubandika picha za kurasa za mbele za magazeti yote, bure, mtu asome akiwa bado yuko kitandani. Yule muuza magazeti wa Rangi Tatu niliyezoea kumkuta amezungukwa na wasoma vichwa (watu ambao hawakununua gazeti hata siku moja, lakini walibishana kuhusu Simba na Yanga kana kwamba wana hisa) sasa meza yake imejaa chaja na kava za simu. Magazeti yamebaki matatu, yamekandamizwa jiwe. Siku hizi hata wasoma vichwa nimewamisi.

Mpwa hakuishia ukurasa wa mbele. Alifika hadi wa 7, akakopi, akapesti, akaweka kichwa chake: "HABARI ILIYOTUFIKIA HIVI PUNDE: SIMANZI KONGOWE, MBUZI 12 WATOWEKA KIMAAJABU." Chini yake picha ya mbuzi wenye manyoya marefu, na nyuma yao mlima wenye theluji. Kongowe. Jina langu halikuwepo. Palikuwa pameandikwa "Na Mwandishi Wetu".

Nikampigia.

"We kijana, huyo mwandishi wenu ni nani?"

"Ni wewe Anko," akanijibu bila hata kumeza mate. "Kwani wewe si wetu?"

"Na theluji je?"

"Wadau hawaangalii nyuma ya mbuzi, Anko. Halafu imeshasomwa na watu elfu nne, hongera."

Niliona aibu kidogo kufurahi. Katika miaka 19 sijawahi kujua ni watu wangapi wamesoma stori yangu. Msomaji pekee niliyewahi kumthibitisha kwa macho ni mama wa maandazi pale kituoni, na yeye alikuwa akinifungia nayo.

Basi nikaenda ofisini kuomba masahihisho: mistari miwili tu, kwamba mbuzi walikuwa wawili. Mhariri wangu, kijana ambaye nilimfundisha kuandika mwongozo wa habari, akageuza kompyuta yake nione. "Mzee wangu, angalia. Blogu ya kwanza, 12. Ya pili, 12. Hii ya tatu, 12, na wameongeza kondoo. Mtandao mzima unasema 12, wewe peke yako ndiye unasema wawili. Chanzo chako ni nani?"

"Mwenye mbuzi."

"Mtu mmoja," akasema, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo haitoshi." Akanituma niandike ufuatiliaji. Kesho yake gazeti letu likatoka na "WIZI WA MBUZI 12: MAPYA YAIBUKA", na ndani yake sentensi isemayo taarifa zilizosambaa mitandaoni zimethibitisha idadi hiyo. Kosa langu lilitoka kwangu likiwa uchi, likazunguka mjini, likarudi limevaa suti. Na nikalipwa 7,000 nyingine, siwezi kuficha.

Mnaniuliza kwa nini nisifungue blogu yangu. Nilitaka. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Jumla 2,100,000. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu kwa sarafu ninayoielewa: stori 300. Yaani niandike stori 300 kwenye gazeti ili niruhusiwe kuandika ya 301 kwangu mwenyewe. Nikaweka kalamu chini. Nakiri siku ile nilifurahi kwa roho mbaya, nikajua mpwa naye atarudi sebuleni. Akalipa. Akaweka na fremu ile leseni, akaitundika ukutani.

Zamani tulikuwa na neno la kuwaita watu kama yeye: kanjanja. Tulilitumia kwa raha, hasa tukiwa kwenye foleni ya chakula cha semina. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake, ikataka anayeitwa mwandishi awe na stashahada angalau. Nikafungua begi langu la vyeti. Kilikuwemo cha kidato cha sita na cha ubatizo. Mpwa, kumbe, alikuwa akisoma uandishi jioni kimyakimya. Ana stashahada yenye muhuri. Kwa hiyo katika ukoo wetu, kisheria, kanjanja ni mimi.

Ukitaka kuona mambo yalivyopinduka, nenda kwenye mkutano na waandishi wa habari. Juzi niliitwa kwenye mmoja, hotelini, katikati ya jiji. Enzi zetu viti vya mbele vilikuwa vya magazeti, na ofisa uhusiano alikuwa anatuita "ndugu zetu". Safari hii nimekaa mbele, notibuku mapajani, akaja binti na karatasi ya majina. "Baba, samahani, hapa ni pa watu wa mitandaoni." Nikasogezwa nyuma, nyuma ya nguzo. Mbele yangu vijana wameshika simu kwenye vijiti, wanarusha moja kwa moja, hakuna anayeandika hata neno. Mgeni rasmi alipomaliza, aliulizwa swali moja tu: kama anaweza kusema "Hello wadau". Akasema.

Mimi nilikuwa na maswali manne. Nilinyoosha mkono mpaka damu ikashuka begani, ila nguzo ile ni pana. Ilipofika nauli ya waandishi, nilikuta orodha imejaa, na sambusa zimebaki mbili, za viazi.

Mpwa alikuwepo. Alinifuata mlangoni, akanipa chupa ya maji na neno la kifamilia: "Anko, njoo tufanye kazi. Wewe unaandika, mimi napandisha. Nakulipa kwa stori."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu kumi."

Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka kwenye kituo cha daladala, ambacho hakikuwa mbali.

Kabla sijamjibu, mzee wa Kongowe akapiga. Nilidhani anataka kunishukuru. Kumbe tangu ile habari itoke nyumba yake haipoi. Kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yake ilikuwa imempangia 50,000. Ikakaa upya, ikampandishia hadi 300,000, kwamba mtu wa mbuzi 12 hawezi kutoa hela ya soda. Shemeji yake aliyeko Muscat kapiga simu usiku kuuliza tangu lini amekuwa tajiri kimyakimya. Polisi nao wanamuuliza mbona aliripoti wawili, wale kumi alikuwa anaficha nini.

"Mwanangu," akasema, sauti imemkauka, "niondolee hawa mbuzi."

"Mzee, niliomba masahihisho, wamekataa."

"Basi andika wamekufa. Andika ugonjwa umewapitia wote kumi, usiku mmoja. Nani atabisha?"

Katika miaka 19 sijawahi kuua hata kuku kwenye habari. Nikakaa na simu mkononi, ufa wa kioo unaning'aria, nikaona hapa hakuna mhariri wa kunisaidia. Nikampigia mpwa, nikamweleza kisa chote tangu mwanzo: kidole, namba 2, malango matatu, harusi, Muscat. Nikamwomba aandike ukweli kwenye blogu yake, kwamba walikuwa wawili tu, kosa ni langu, na jina langu aliweke.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Sawa Anko, hiyo ya kosa wadau hawatafungua," akasema. "Ila hii ya mbuzi kumi kufa usiku mmoja ni kali sana. Picha ya mizoga unayo?"