Kichwa cha Mwanangu na Mafuta ya Jahazi

Ijumaa iliyopita nilipita Usita wa Mui, njia ya mjini kwetu, nimemshika mwanangu mkono, na paka wanatufuata. Si paka mmoja. Tulipofika penye baraza ya wazee, msafara ulikuwa umeziba njia. Punda mwenye mzigo wa mawe kasimama, mwenyewe anauliza kuna nini huko mbele. Mzee mmoja akanusa, akaniuliza kwa adabu zote: "Bi, huyo ni mtoto au jahazi?"

Alikuwa na haki. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimepakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa. Mafundi wa vyombo hupaka chokaa na shahamu sehemu inayokaa majini, na sifa hupakwa mbao za juu zisipasuke kwa jua. Shangazi aliona kichwa cha mtoto kiko katika fungu hilo la pili. "Ndoo hapa," akamwita, akachovya vidole kwenye chupa, akasugua pale paliponyonyoka, duara safi nyuma ya sikio, lenye magamba na vidoti vyeusi. Kofia ya kushonwa kwa mkono ikalowa mpaka ikageuka rangi ya chai ya rangi. Kisha akataka mtoto anywe kijiko kimoja, dawa ifanye kazi pande zote mbili. Hapo nilikataa. Maini ya papa yamejaa vitamini A, na vitamini A ikizidi mwilini hunyonyoa nywele.

Dawa nyingine za nyumbani tulizijaribu pia. Kitunguu saumu kilimbabua ngozi. Mafuta ya nyonyo yaliharibu mto. Habasoda angalau ilinukia. Mayai na dagaa wa kumtia nguvu, mtoto aliwagawia paka chini ya meza, na paka, hasa watoto wa paka, ni katika wanaoambukiza ugonjwa wenyewe.

Maana yalikuwa mapunye. Kuvu hutua kichwani, hushuka na unywele hadi ndani ya ngozi na kula keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha na kwato za punda. Kinachonistaajabisha ni pale inaposimama. Chini kabisa, kwenye shina, unywele bado hai na laini, haujawa mgumu, na kuvu hii haili kilicho hai. Basi hukaa juu kidogo ya mpaka huo. Unywele husukumwa nje sentimita moja hivi kwa mwezi, nayo hushuka kwa mwendo uleule, kama mtu anayepiga kasia dhidi ya maji ya mlango wa bahari wa Mkanda ili abaki palepale. Nyuma yake unywele umeliwa, hukatika usawa wa ngozi, na ndivyo vile vidoti. Sasa niambieni, kitunguu saumu kitafikaje huko?

Na bado kila mtu aliniuliza: "Kwani unampa nini kula?" Jirani, muuza samaki, mwalimu wa madrasa. Upungufu wa chakula hupunguza nywele kichwa kizima, hauchori duara. Duka moja la dawa liliniuzia krimu bila muuzaji kuomba kofia ivuliwe. Na katika wote hao hakuna aliyemuuliza baba wa mtoto anampa nini kula, ingawa yupo barazani kila siku, haendi popote, wala hajifichi.

Daktari alitazama, akakwangua magamba kidogo, akaandika vidonge vya griseofulvini. Dawa hii ilipatikana kwenye kuvu nyingine mwaka 1939, ikaanza kutibu watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huingia kwa tumbo na damu hadi kwenye shina, ikakaa ndani ya keratini mpya inapotengenezwa. Kuvu ikishuka inakuta chakula hakiliki. Keratini ya zamani hungojewa ikue itoke, ndiyo maana ni wiki sita hadi nane. Kofia, vitana na taulo vyote nimevichemsha.

Sharti ni moja: kidonge kimezwe na chakula chenye mafuta, ndipo mwili ukipokee vizuri. Tangu Jumatatu, basi, ni wali wa nazi, tui zito, na samaki wa kupaka. Mtoto hagusi kidonge kabla hajaiona sahani. Baba yake naye amegundua saa ya dawa, siku hizi anafika mapema, anakula, ananawa, halafu ananiuliza kama mtoto anapata lishe ya kutosha.