Yah: Ombi la Kufutwa kwa Cheo cha Kocha Msaidizi

Kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania,
Karume, Ilala,
Dar es Salaam.

Salamu kutoka mwisho wa reli. Wapenzi wa mpira wa Kigoma, kuanzia Kibirizi wanakopakua dagaa hadi Ujiji wanakobishana mpaka adhana ya magharibi, wanalifikishia Shirikisho ombi lisilo na gharama hata ya shilingi moja, jambo ambalo bila shaka litaharakisha majibu. Wanaomba cheo cha kocha msaidizi kifutwe katika Ligi Kuu. Kifutwe rasmi, kwa barua na mhuri, kwa kuwa kwa vitendo kilishafutwa siku nyingi, na kilichobaki ni filimbi, koni na mtu wa kuzibeba.

Ombi linatokana na wimbo unaoimbwa kila msimu unapokaribia kuanza. Timu ya mkoani ikitafuta kocha msaidizi wa maana, jibu ni moja: mbali. Bukoba mbali, Ruangwa usiseme, Kigoma ndiyo kabisa. Shirikisho halihitaji kuelezwa umbali huo, maana lilikuja lenyewe. Julai 25, 2021 lilileta fainali ya Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, na Taddeo Lwanga akafunga bao pekee la Simba. Watu walikuja kwa basi, kwa treni, kwa ndege. Hakusikika mtu akilalamikia kilomita. Umbali wa Kigoma una tabia ya pekee: hupungua penye kombe, hurefuka penye ajira ya msaidizi.

Mashujaa, timu ya Jeshi la Wananchi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City katika mechi za mchujo. Aprili 9, 2024 ikafanya jambo ambalo mtaani Mwanga bado halijapoa. Ilitoka sare ya bao 1-1 na Simba katika Kombe la Shirikisho, hapo hapo Lake Tanganyika, kisha ikaitupa nje kwa penalti 6-5. Mwulize muuza migebuka yeyote pale Kibirizi, atasimulia penalti moja baada ya nyingine na mguu uliopiga. Mwulize kocha alikuwa nani, atamtaja Abdallah Mohamed 'Bares', yule Mzanzibari, bila kufikiri. Mwulize msaidizi wa Bares alikuwa nani, naye atauliza kama mteja ananunua samaki au hanunui.

Kwa jambo hili la kuwasahau wasaidizi, Ujiji ina uzoefu kuliko mji mwingine wowote nchini. Mwaka 1871 Stanley alipokaribia mji huo akimtafuta Livingstone, mtu wa kwanza kujitokeza katikati ya umati na kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Taarifa ilitoka kwa msaidizi. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba miezi kadhaa hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mazishi yakafanyika Westminster Abbey mwezi wa Aprili. Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza mambo yamekwisha. Na leo hii mgeni anayeteremka Ujiji kutazama mnara anaelezwa habari za mabwana wawili na mti wa mwembe. Msaidizi wa kocha anayeombwa kuja Kigoma angependa kujua kama kuna mabadiliko yoyote tangu hapo.

Hakuna, kwa kadiri kumbukumbu za ligi zinavyoonyesha.

Machi 2021 Yanga ilitoka sare na Polisi Tanzania. Kwa sare hiyo klabu ilimwondoa kocha Cedric Kaze, na haikuishia kwake: benchi la ufundi lote lilivunjwa, msaidizi Nizar Khalfan akiwamo. Novemba 5, 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira, 'Robertinho', alipewa mkono wa kwaheri, akaandamana na kocha wa viungo, Corneille Hategekimana. Wapenzi wa Kigoma wametafakari sana uhusiano wa mazoezi ya viungo na mabao matano, na wamekubaliana kwamba huenda mabeki walichoka kukimbilia mpira wavuni. Septemba 2025 upepo ulivuma upande mwingine. Fadlu Davids aliiacha Simba mwenyewe akaenda Raja Casablanca, na wasaidizi aliokuja nao wakaenda naye. Kwa hiyo mkuu akifukuzwa, msaidizi anafungasha. Mkuu akipata kazi nzuri, msaidizi anafungasha vile vile. Tofauti ni mwelekeo wa ndege tu.

Kuna anayenusurika, na huyo ndiye anayewatisha zaidi wanaotaka kuomba kazi. Selemani Matola alikuwa kocha mkuu wa Polisi Tanzania. Desemba 2019 akaenda Simba kuwa msaidizi wa Sven Vandenbroeck. Tangu hapo, kwa vipindi tofauti, akashuhudia wakija Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha na Fadlu, kila mmoja na falsafa yake, mkalimani wake na picha yake ya kutambulishwa akiwa ameshika jezi. Mara nyingine mkuu alipoondoka, Matola aliachiwa timu siku chache, kisha akamkabidhi mgeni wachezaji, mipira na majina ya waamuzi wa kujihadhari nao. Hakuna mtu anayeifahamu Simba ya miaka hii kumzidi, na pengine ndiyo maana hakuna anayefikiri kumuuliza.

Mwezi ule ule wa Desemba 2019, huko Uingereza, klabu ya Arsenal ilitafuta kocha mkuu ikamchukua msaidizi wa Pep Guardiola katika Manchester City, Mikel Arteta. Si jambo geni huko. Liverpool ilipoachwa na Bill Shankly mwaka 1974, ilimpa kiti msaidizi wake, Bob Paisley, mzee mpole asiyekitaka sana, naye akailetea klabu Kombe la Ulaya mara tatu. Shirikisho lisikasirike, mifano hii imewekwa kuonyesha tu jinsi Wazungu walivyo nyuma katika suala la kuvunja benchi.

Ipo pia aina ya msaidizi anayeajiriwa kwa ajili ya cheti chake. Mwaka 2021 ilionekana kwamba leseni ya Gomes haikidhi matakwa ya CAF kwa mashindano ya klabu Afrika. Simba ikamleta Hitimana Thierry wa Rwanda, akawa msaidizi kazini na mkuu kwenye karatasi. Oktoba mwaka huo Jwaneng Galaxy ya Botswana ikaja Dar es Salaam ikashinda 3-1 na kuitupa Simba nje. Gomes akaondoka, Hitimana akabaki akishikilia timu mpaka alipopatikana mwingine. Cheti kilifanya kazi yake. Mwenye cheti alikuwa kiambatisho.

Habari ya vyeti inafika mpaka Kigoma, na hapa ndipo penye fundo. Ngazi za CAF zinapanda kutoka D, C, B, A hadi Pro. Kozi za juu hazifanyiki Bangwe wala Gungu. Mtu huaga kazi na familia wiki kadhaa, na wengi hujilipia. Kanuni nazo zinadai kocha mkuu awe na leseni ya juu, na wenye leseni hizo si wengi. Matokeo yake msaidizi akijinyima mpaka akaipata A, siku hiyo hiyo si msaidizi tena: klabu inayotafuta mkuu wa kukidhi kanuni inampigia simu usiku. Asipoipata, klabu inasema hana sifa. Msaidizi mzuri, kwa utaratibu huu, ni yule ambaye tayari hayupo.

Tena makocha wenyewe wako jirani. Kaskazini, mwambao ule ule wa ziwa, kuna Burundi, na Bujumbura iko karibu na Kigoma kuliko Dar es Salaam, tena kwa mbali. Kaze ni Mrundi. Etienne Ndayiragije ni Mrundi, akafundisha Mbao, KMC na Azam, hadi Taifa Stars mwaka 2019, akisaidiwa na Matola na Juma Mgunda. Watu hawa wanajua ugali wa muhogo na mawese tangu utotoni. Hawana haja ya kuzoeshwa Kigoma. Lakini wanaipita Kigoma angani, wanateremka Dar es Salaam, na wapenzi wa mpira wa huku wanawapungia mkono kwa heshima.

Kwa nini? Hapa waandishi wa barua hii wanaweka kejeli pembeni kwa aya moja. Msaidizi akifukuzwa Dar es Salaam, kesho yake anaweza kwenda kuomba KMC, Azam, JKT Tanzania au kwenye kituo chochote cha vijana, watoto wakabaki shule ile ile na kodi ya nyumba ikalipwa kwa mwenye nyumba yule yule. Akifukuzwa Kigoma, klabu nyingine ya Ligi Kuu iliyo jirani ni ya Tabora, zaidi ya kilomita 400 kwa reli. Kinachomtisha si safari ya kuja. Ni kwamba kazi yenyewe inaweza kuisha kwa sare moja isiyomhusu, halafu mji mzima hauna mwajiri wa pili. Mshahara mkubwa usioaminika hauwezi kuziba pengo hilo. Kazi ingekuwa ya uhakika, Kigoma ingekuwa mji tu kama miji mingine, wenye samaki wazuri zaidi.

Kejeli inarudi sasa. Mashujaa angalau ina bahati, kwa kuwa wenye timu, JWTZ, ni watu wasiolitambua neno "mbali". Askari akipewa uhamisho hufunga begi. Hatoi hoja kwamba treni ya umeme tangu mwaka 2024 inaishia Dodoma. Tatizo ni raia. Raia anauliza maswali: mkataba ni wa muda gani, uko chini ya nani, na mkuu akiondoka inakuwaje. Ni wazi kwamba maswali ya namna hii yanaonyesha mtu asiye na mapenzi na klabu.

Shirikisho lenyewe limewahi kuonja utamu wa msaidizi, ingawa kwa bahati mbaya. Januari 2024, katika AFCON ya Côte d'Ivoire, kocha wa Taifa Stars Adel Amrouche alifungiwa mechi 8 na CAF kwa maneno yake kuhusu Morocco. Shirikisho likamsimamisha na kumkabidhi timu msaidizi, Hemed Suleiman, ambaye mtaani anaitwa, kwa mzaha wa Mungu mwenyewe, 'Morocco'. Stars ikatoka sare na Zambia na DR Congo. Novemba 2024 msaidizi huyo, sasa akiwa mkuu, akaifunga Guinea 1-0 katika Uwanja wa Mkapa na kuipeleka nchi AFCON nyingine. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN. Novemba ya mwaka huo huo, AFCON aliyoifuzu ikiwa mlangoni, akaachwa, akaletwa Miguel Gamondi. Kama kulikuwa na msaidizi mahali fulani aliyeanza kupata matumaini, taarifa ile ilimfikia kwa wakati.

Baada ya kuyapima haya, wapenzi wa mpira wa Kigoma wanapendekeza kazi za msaidizi zigawanywe. Koni zirudi kwa mtunza vifaa. Uchambuzi wa video apewe kijana yeyote mwenye simu na bando la wiki. Kuwabembeleza wachezaji wa akiba ni kazi ya dereva wa basi, ambaye kutoka hapa hadi Ruangwa anakuwa nao muda mrefu kuliko kocha yeyote. Kubeba lawama, ambayo ndiyo kazi kubwa, kupokezanwe kwa zamu.

Wapo wachache wabishi, hasa upande wa Mwandiga, waliotaka barua iseme mambo mengine. Walitaka mkataba wa msaidizi uwe kati yake na klabu, usife kwa sababu wa mkuu umekufa. Walitaka klabu imlipie kozi ya leseni, naye aahidi misimu miwili baada ya kuipata. Na walitaka benchi likivunjwa, taarifa itaje kosa la kila aliyeondolewa, badala ya "makubaliano ya pande zote mbili" na kutakiana kila la heri. Mapendekezo hayo yamejadiliwa kwa kina na kukataliwa. Hayahitaji mdhamini, hayahitaji ziara ya mafunzo Ulaya, na haikufahamika yangepitia kamati gani.

Wenu katika ujenzi wa soka,
Wapenzi wa mpira, Kigoma Ujiji.

Nakala kwa Bodi ya Ligi Kuu.
Nakala kwa klabu zote 16, kwa makatibu watakaokuwa bado ofisini.
Nakala kwa kocha msaidizi: barua apewe meneja vifaa, atamkabidhi atakayemkuta.