Sheria Ndogo, Mkono Mrefu

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

YAH: RUNDO LA KUNI NYUMA YA JIKO LANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naipongeza ofisi yako kwa jicho kali. Mtaro wa mtaa wetu umeziba tangu masika ya mwaka juzi, wala haujaonekana. Gari la taka tunalisikia kwenye hotuba za bajeti. Lakini kuni zangu, zilizojibanza nyuma ya jiko, zimeonekana mara moja. Afisa mmoja na mgambo wawili walizipima kwa futi kamba, wakaandika: urefu mita tatu, kimo mita moja na nusu, kosa moja.

Notisi inasema kwamba kwenye mchoro wa mipango miji eneo letu ni la makazi, na kwamba nyumbani kwangu kuna "ghala la mazao ya misitu". Nimepewa siku 14 niliondoe. Kumbe mimi ni mfanyabiashara! Mteja wangu ni mmoja tu, mke wangu, na hajawahi kulipa.

Naomba nieleze asili ya msitu wenyewe. Ulikuwa mwembe mmoja. Mwaka jana ofisi yako iliamuru ukatwe kwa sababu ulikuwa unainamia nyaya za umeme, nami nikatii. Ulipokuwa wima ulikuwa hatari. Ulipolala ukawa ghala. Nijulisheni, mti unaotii sheria ndogo hukaa mkao gani?

Afisa aliuliza pia kwa nini zimekaa muda mrefu. Angemuuliza mpishi yeyote wa shughuli: kuni mbichi haziivishi, zinaliza. Mwembe uliokatwa leo umejaa maji. Hupasuliwa, ukapangwa kwa kupishana ili upepo upite, juu ya matofali mchwa wasiufikie upesi, chini ya bati mvua isiuguse, kisha ukaachwa miezi. Moshi unaowakera majirani hutoka kwenye kuni zilizonyimwa miezi hiyo. Zangu zimepewa siku 14.

Sipingi nishati safi. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaipikia ifikapo 2034, nami nimeshaanza: mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 unachemsha chai kila asubuhi bila malalamiko. Tatizo ni kwamba 2034 bado iko mbali, na mwezi ujao namuoza binti yangu. Sufuria la pilau la watu mia mbili likikalishwa juu ya mtungi ule, zimamoto watafika kabla ya shehe.

Kwa hiyo naomba kibali cha muda cha kuyaondoa mazao hayo ya misitu kwa njia ninayoimudu, yaani kuyachoma. Siku ya pili ya harusi ghala litakuwa limefungwa, na afisa wako anakaribishwa kupima majivu kwa futi kamba ile ile. Mgambo waje mapema. Pilau huwa haisubiri notisi.

Naambatanisha kadi ya mchango.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye Ghala

Nakala:
Mwenyekiti wa Mtaa – kwa taarifa.
Mchwa wa uani – kwa utekelezaji, iwapo kibali kitachelewa.