Barua ya Wazi kwa ARPTC: Simu Mlizisajili, Sajilini na Yaliyomo

Uvira, Kivu Kusini

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Posta na Mawasiliano ya Congo (ARPTC), Kinshasa

Kuhusu: ombi la kufufua ushuru wa RAM

Waheshimiwa,

Kwa heshima ya neno posta lililomo katika jina lenu, barua hii ilipaswa kuja kwa posta. Lakini nataka ifike, ndiyo maana naichapisha.

Naandika kuomba jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, aliyewahi kuliomba. Rudisheni RAM.

Mnaikumbuka. Septemba 2020 mlianzisha RAM, yaani Rejesta ya Vifaa vya Mkononi, na tangu hapo mtu alipotia unite za simu usiku, asubuhi alikuta panya wa Kinshasa wamepita. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kuendelea, zikinyofolewa vipande vipande ili mgonjwa asisikie sindano. Mlituambia ni kwa faida yetu: simu ya wizi itafungwa, simu bandia itatambulika. Wananchi hawakuuelewa upendo huo. Walipiga kelele, wengi wakadai warudishiwe fedha zao, na mwanzoni mwa 2022 serikali ikaufuta ushuru. Mimi simo katika kundi hilo la wasio na shukrani. Lawama yangu ni moja tu, kwamba mliishia mlangoni.

Mlisajili IMEI, zile tarakimu 15 ambazo yeyote huziona akibonyeza *#06#. Hilo ni ganda. Ganda likianguka ziwani, sokoni lipo jingine, jipya au lililokwisha kupita mikono ya watu wasiojulikana. Kilicho ndani ndicho hakiuzwi popote, na kilicho ndani, Waheshimiwa, ni mali ya Serikali kuliko mnavyodhani.

Fungueni simu ya mtu wa Uvira, kwa ruhusa yake. Picha ya kwanza ni kadi yake ya mpiga kura. Nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Zile zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023 zilikuja na wino wenye haya, unaojificha ukiona jua. Kwa hiyo raia mwerevu hupiga picha kadi yake mapema, uso ukiwa bado unaonekana, na tangu siku hiyo kadi ya mfukoni ni mapambo, raia mwenyewe yumo ndani ya simu. Inayofuata ni fishi ya kiwanja. Kisha diploma ya Serikali ya mtoto wa kwanza, cheti cha kuzaliwa cha wa mwisho, karatasi ya ubatizo, na risiti ya ada ya shule iliyopigwa picha juu ya goti. Mama muuza ndagala anaweka humo madeni ya wateja wake wote, na ujumbe wa M-Pesa ndio hati yake pekee kwamba kodi ya nyumba ililipwa. Ofisi ya kumbukumbu ya taifa ipo, basi. Ina ufa kwenye kioo, na betri yake imevimba.

Kwa nini tulizihamishia karatasi zetu humo, mnajua. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka mjini na mawe yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaenda, na kila nyumba iliyokwenda ilikuwa na lile sanduku la chini ya kitanda lenye vyeti vya ukoo mzima. Tulipomaliza kuuogopa mto, ziwa nalo likaanza. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda kiasi ambacho wazee walikilinganisha na miaka ya 1960, ikaingia Kalundu, ikakaa sebuleni kwa watu kama shemeji asiyejua kuaga. Karatasi ya Uvira haina maisha marefu. Simu angalau hukimbia pamoja na mwenyewe.

Mtasema wingu la mtandaoni lipo, tuweke nakala huko. Tumelisoma wingu, Waheshimiwa, na masharti yake ni ya kumchumbia binti wa chifu. Simu ya Android hupeleka nakala yenyewe pale inapokuwa kwenye chaji, imeshika Wi-Fi, na haiguswi na mtu. Mambo hayo matatu yakutane saa moja, hapa! Umeme ukiwapo, Wi-Fi haipo. Wi-Fi ikipatikana, ni kwenye baraza la hoteli ambako unanunua soda ili upewe neno la siri. Na simu isiyoguswa na mtu katika nyumba yenye watoto sita, nionyesheni. Ndiyo, mipangilio inaruhusu kutumia mega za kununua. Ruhusu, halafu uone kama picha za harusi zitafika winguni kabla mega hazijafika mwisho.

Hata zikifika, kule juu nako kuna kipimo. Google inampa kila mtu GB 15 za bure, na humo barua pepe, picha na mafaili vinabanana pamoja. Zamani picha ziliingia bila kuhesabiwa. Mlango huo ulifungwa tarehe 1 Juni 2021. Nakala za WhatsApp nazo zilikuwa hazihesabiwi, mpaka 2024 zikaanza kuhesabiwa kama vitu vingine. Wenye iPhone wanapewa GB 5 tu, labda kwa kuwa wao ni matajiri. Kikundi kimoja cha familia chenye mashangazi wanaotuma kila asubuhi picha ya maua na aya ya Zaburi kinaweza kuijaza hiyo nafasi kabla ya Pasaka.

Lakini nisiwe mwongo. WhatsApp haituachi hivihivi. Kila siku saa nane za usiku hutengeneza nakala na kuiweka mahali salama, yaani ndani ya simu ileile. Ni kuandika wosia na kuuzika pamoja na marehemu. Anayejua njia huingia kwenye mafaili, kabrasha la Android, kisha media, mpaka afikie lile la WhatsApp liitwalo Databases, akalinakili kwenye kadi ya memori au flashi na kuificha flashi kwa mama mkwe anayeishi mlimani. Ni watu wachache sana. Na siku ya kurejesha, WhatsApp itadai namba ileile ya zamani, namba ambayo ikikaa miezi bila unite kampuni humpa mtu mwingine, kwa kawaida mtu wa matusi.

Sasa niwaletee mfanyakazi wenu msiyemjua. Simu mpya ikiwashwa hudai akaunti ya Gmail. Mwenye simu hana, wala hakuja sokoni kutafuta barua pepe, alikuja kutafuta simu. Kwa hiyo fundi aliyekaa chini ya mwavuli humfungulia akaunti kwa dakika tatu: jina analobuni yeye, tarehe ya kuzaliwa anayobuni yeye, neno la siri analolijua yeye. Miaka minne nakala zinakwenda kwenye akaunti hiyo kwa uaminifu. Siku simu ikiibwa, mama anaulizwa anwani yake ya barua pepe na yeye anatazama mbingu. Nakala yake ipo nzima, haijapungua hata herufi, inamilikiwa na mtu asiyekuwapo aliyezaliwa 1 Januari 1990. Nchi hii ina Kanuni ya Dijitali iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, yenye sura nzuri sana juu ya ulinzi wa data binafsi. Anayezilinda kweli ni kijana mwenye bisibisi, na siku akipata malaria kartie nzima hupoteza kumbukumbu.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa wingu hawaliweki katika miongozo yao. Hapa kwetu kuna siku mtu hataki simu ikumbuke. Desemba 2025 vita vilipoingia mjini, makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi. Katika safari za namna hiyo, kabla ya kufikia barieri, mtu hukaa kando ya njia na kufuta. Picha ya kaka aliyewahi kuvaa sare, yoyote ile. Kikundi cha kartie. Sauti ya mjomba anayesema hovyo juu ya siasa akiwa amekunywa. Wala hajui kwamba akifuta picha iliyokwisha kwenda winguni, wingu nalo hufuta. Litaikalia siku 60 kwenye pipa la taka, kisha basi. Na simu isiyotumika siku 57, nakala yake inaweza kufutwa. Na akaunti isiyofunguliwa miaka 2, Google imejipa haki ya kuiondoa. Nani aliyezipanga tarehe hizi? Mtu ambaye kwake kukaa siku 57 bila simu ni uvivu, au likizo. Ukimwambia kwamba kuna mama kambini anayesubiri zamu ya kuchaji, na kwamba picha pekee ya marehemu mumewe inahesabiwa siku kama ndagala mbichi, atakujibu kwa upole kwamba masharti uliyakubali mwenyewe. Ulibonyeza.

Ndiyo maana nasema wingu la kigeni halitufai, tunataka la kwetu. Isitoshe, hilo la kigeni mnaweza kulifunga. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu wiki 3. Wingu lilikuwapo, ni sisi tuliotolewa chini yake.

Pendekezo langu ni hili. RAM irudi, dola 7 zilezile, na kila kartie ipate Ofisi ya Nakala. Karani mwenye daftari kubwa la mistari atakaa na simu yako na kuandika yaliyomo kwa mkono. “Picha, moja: bibi, kitenge cha bluu, anacheka.” “Sauti, dakika mbili: baba mzazi anaagiza mihogo kutoka Luvungi, anakohoa.” “Ujumbe: nakupenda. Mtumaji mmoja, wapokeaji wawili.” Video zitahitaji karani mwenye kipaji cha kuigiza. Kila ukurasa utapigwa mhuri, na mhuri utakuwa na bei yake, na atakayetaka kurejeshewa bibi yake ataleta barua ya maombi, nakala nne, pamoja na kadi ya kura inayosomeka. Hiyo ya mwisho itapunguza sana foleni.

Daftari litatunzwa katika jengo la Serikali, nalo, kwa desturi, litajengwa pale ambapo maji yatalifikia bila taabu. Kama nafasi itakuwa ndogo, msihangaike na kujenga ghala. Tunalo ziwa lenye kina cha mita 1,470. Maji yake ya chini hayana oksijeni na ni nadra kuchanganyika na ya juu, kwa hiyo kinachozama huko hakisumbuliwi na samaki wala na mwenyewe. Simu nyingi za Uvira zimekwisha kuhifadhiwa humo. Kinachokosekana ni kile kitufe cha kurejesha.

Naomba msiwasikilize wazushi wanaosema jambo hili lina njia fupi. Wapo wanaotaka kampuni za simu zilazimishwe kupitisha nakala za wateja bila kukata mega, kuanzia saa sita za usiku mpaka alfajiri, wakati mitambo yao inasinzia. Wapo wanaotaka chumba kimoja tu pale meri, chenye paneli za jua, Wi-Fi na binti mmoja mvumilivu wa kumwonyesha mama namna ya kufungua akaunti kwa jina lake halisi na kuandika neno la siri kwenye karatasi yake mwenyewe. Wapo hata wanaothubutu kusema kwamba kama Serikali ingetoa kitambulisho kisichofutika, na kuhifadhi upande wake nakala ya vyeti inavyovitoa, simu ikizama ingekuwa imezama simu tu. Fikra kama hizi haziingizi hata senti moja katika hazina. Nimewaomba wanaozieneza wanyamaze mpaka mtakapojibu.

Jibu lenu lije kwa karatasi. Kwa WhatsApp halitaingia, nafasi imejaa.

Wenu mtiifu,

Mkaaji wa Kalundu, mwenye simu iliyosajiliwa

Nakala kwa:
Meya wa Mji wa Uvira, kwa taarifa;
Wakuu wa kampuni za simu, kwa usingizi mwema;
Fundi wa chini ya mwavuli, sokoni, kwa utekelezaji.