Sitini na Watano Hawatoshi

Shule inapopanga ziara ya Arusha kujifunza namna Bunge la Afrika Mashariki linavyofanya kazi, dua ya mwalimu huwa moja: kikao kiwepo, kijae, na kiende bila mkwamo. Mashati yamepigwa pasi, barua imegongwa mhuri, basi limekodiwa, mayai ya kuchemsha yamefungwa. Kisha kikao kinaahirishwa, au inagundulika kwamba Bunge zima limehamia mji mkuu wa nchi nyingine, maana linaruhusiwa kukutana popote ndani ya Jumuiya. Wanafunzi wanabaki wakitazama viti vitupu na bendera, mwalimu anafuta jasho, na kila mtu anaona ziara imeharibika. Mimi nasema hapo ndipo imeanza. Bunge la nchi moja litazame likiwa kazini. La nchi nyingi litazame likiwa limekwama, kwa sababu waliolitengeneza waliumiza vichwa kwenye breki kuliko kwenye injini.

Chukua hesabu ya akidi. Kila nchi mwanachama inachagua wabunge tisa: Kongo yenye watu zaidi ya milioni mia moja ina tisa, na Burundi, ambayo ukiipanga juu ya ramani ya Kongo itabidi uitafute kwa miwani, nayo ina tisa. Nchi zikiwa nane, jumla ni 72. Mtoto wa darasa la tano atakwambia nusu yake ni 36, basi wakifika 36 kazi ianze. Mkataba wa Jumuiya nao unasema nusu, lakini ndani ya nusu hiyo iwemo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi, yaani watatu watatu. Sasa nchi saba zilete watu wao wote, 63, na ya nane ilete wawili. Ukumbini wamo 65, vipaza sauti vinawaka, chai imeshanyweka, na akidi haijatimia. Ni kama harusi inayosimama kwa sababu mjomba hajafika, na mjomba analijua hilo. Bunge la nne lilitakiwa kuanza katikati ya 2017. Lilizinduliwa Desemba, kwa kuwa Kenya, iliyokuwa kwenye joto la uchaguzi wake, ilikuwa haijapeleka tisa wake. Lilipoanza tu, wabunge wa Tanzania na Burundi wakasusia uchaguzi wa Spika. Hakuna mhadhara wa saa mbili unaoweza kueleza usawa wa mataifa kwa ufasaha wa kiti kilichosusiwa.

Muswada ukipita nao haujawa sheria. Ndiyo kwanza unaanza safari ya kwenda kwa marais, na wote waridhie. Mmoja akikataa, unarudi bungeni. Ukipelekwa tena akakataa tena, buriani. Ndiyo maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku na Rwanda 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, kila moja kwa sheria yake, huku muswada wa pamoja ukizungushwa kama faili lisilo na mwenyewe. Elimu ya mazingira ya Afrika Mashariki abiria akaipatia mpakani, begi likiwa wazi.

Mzazi aliyelipa nauli atauliza: nimetoa hela mwanangu akaangalie viti? Swali la haki. Lakini hotuba hata kwenye simu ya nyumbani zinaonekana. Kiti kitupu kinamlazimisha mtoto aulize mwenye kiti yuko wapi, na jibu la swali hilo ndilo somo zima la ziara. Wengine watasema tunawafundisha vijana dharau kwa chombo chao. Naona kinyume. Dharau huzaliwa na ziara iliyopakwa rangi: kijana anaambiwa mambo ni shwari, wiki inayofuata anasikia redioni wabunge wamesusa, anahitimisha kwamba alidanganywa. Aliyefundishwa breki atajua kuwa hofu ya mdogo kumezwa na mkubwa ndiyo iliyozifunga.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya anayesema breki zikizidi, gari linakuwa banda la kuku. Hapo sina ubishi mkubwa. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, iliweka maamuzi makubwa mikononi mwa marais watatu. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda 1971, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na kufikia 1977 Jumuiya ikawa imekufa. Leo marais ni wengi zaidi na kila mmoja bado ana breki mguuni. Ila huyo mtoa hoja angeipata wapi hoja yake kama hajaona gari limesimama?

Kwa hiyo walimu wapange ziara na mkwamo wake. Waongeze siku moja ya kuahirishwa, na mayai ya siku hiyo. Basi likichelewa kuondoka kwa sababu mwanafunzi mmoja bado anapiga picha kwenye bendera, na wenzake 40 wameketi wanamlaani kwa lugha nne, dereva asipige honi. Mwalimu asimame mbele, ahesabu vichwa, atangaze kwamba akidi haijatimia.