Risasi Yarudi kwa Mwenyewe

Yule muuguzi alipokwisha kuniuliza ni nani aliyenipiga risasi, nami nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi mwenyewe, na alipouliza tena kama nilikuwa nimeishika bastola vibaya, nikamwambia la, niliishika sawasawa na kuilenga upande wa pili kabisa, kwenye bamba la chuma lililokuwa mbali nami kiasi cha yadi 15, aliiweka kalamu yake chini akanitazama kwa muda mrefu, asijue aandike nini katika fomu yake. Shavu linaniuma hata sasa niandikapo, na bandeji waliyonibandika ni kubwa mara nyingi kuliko kile kigae cha shaba ambacho tabibu alikitafuta kwa kioo cha kukuzia, walakini kinachoniuma zaidi ni kwamba shemeji yangu, ambaye ndiye aliyelinunua lile bamba na ndiye aliyelitundika, alikuwa amesimama kando ya kitanda salama salimini, akimweleza muuguzi kwa fahari, “Lakini hakukosa hata mara moja!”

Huku Ohio, mashambani nje ya mji wa Columbus, watu hupiga chuma siku za Jumamosi kama kwetu watu wachezavyo bao, na sababu yake naikiri kuwa ni ya haki. Karatasi ni shabaha bubu: huipiga, kisha ukaifuata kwa miguu kwenda kutafuta tundu, na aghalabu usilione. Chuma hujibu. Hujafumba jicho umekwisha kusikia mlio wake mwembamba ukirudi, na mlio huo una tamu isiyoelezeka.

Sasa sina budi kueleza habari ya chuma chenyewe, kwa kuwa nimeisoma mno tangu siku ile, na elimu iliyolipiwa kwa damu haifai kukaa bure. Mwaka 1900 Mswidi mmoja, Johan August Brinell, alitoa njia ya kuupima ugumu wa madini: hutwaliwa gololi yenye kipenyo cha milimita 10, ikakandamizwa juu ya bamba kwa uzito wa kilo 3000, kisha kikapimwa kibonyeo kilichobaki; na kadiri kibonyeo kilivyo kidogo ndivyo hesabu ya ugumu ilivyo kubwa. Chuma cha kawaida, kile cha malango na madirisha, hupata kiasi cha 120. Feleji iitwayo AR500, ambayo asili yake haikukusudiwa bunduki hata kidogo bali kuyavika matumbo ya magari ya migodini yasilike upesi kwa mawe, hupata karibu na 500, na katika tofauti hiyo ndimo lilimopotelea shavu langu.

Maana risasi ya bastola ni madini laini yaliyovikwa kanzu nyembamba ya shaba nyekundu, na ikiigonga feleji iliyo sawa haipati pa kuingia. Huvunjika papo hapo ikawa vumbi na vigae, navyo vikatawanyika ubavuni sambamba na uso wa bamba. Kwa hiyo mwenye busara huliinamisha bamba lake mbele kidogo, ili vigae viende zao ardhini, naye husimama mbali si chini ya yadi 10 akiwa na bastola, na 100 akiwa na bunduki. Feleji hiyo haikatwi ovyo kwa moto, wala haiungwi kwa moto, kwa kuwa joto huuondoa ugumu wake pale lilipopita. Ama chuma laini, hicho hubonyea, na kila kibonyeo ni bakuli lililoandaliwa. Risasi ifuatayo ikiingia humo, vigae vyake hufuata ukingo wa bakuli na kurejea vilikotoka, kwa uaminifu ambao wadeni wangu hawajapata kuuonyesha.

Bamba la shemeji lilitoka kwa mtu auzaye vyuma kando ya barabara, aliyeapa kwamba ni feleji tupu. Lilikuwa limeungwa pete mbili kwa moto, likatundikwa wima kama ukuta wa msikiti, na uso wake umebonyea kila mahali.

“Shemeji,” nikamwuliza, “mbona limebonyea hivi?”

“Hiyo ndiyo dalili kwamba linapigika, shemeji.”

Yaliyofuata hospitalini sikuyatarajia kunichekesha, wala hayakunichekesha. Katika majimbo karibu yote ya Marekani tabibu amtibuye majeruhi wa risasi hulazimika kuwaarifu polisi, na sheria hiyo siilaumu. Askari akaja, akaniuliza jina langu, akaniuliza tena jina langu, akataka kujua nilizaliwa wapi, nasali wapi, na baruti niliyonayo nyumbani ni ya kazi gani. Nyuma ya pazia alilala mtu wa hapa hapa, aliyekuwa akiifuta bunduki yake sebuleni akajitoboa mguu. Askari yule yule alipokwisha kunihoji alivuka upande wa pili, na swali nililomsikia akimwuliza ni kama msimu wa kulungu umemwendea vyema. Wakacheka pamoja. Mimi nilikuwa na kigae. Yeye alikuwa na tundu. Jambo hili nimejaribu kuligeuza mzaha kwa kila namna nijuayo, na limekataa.

Turudi kwenye baruti. Shemeji alinishawishi kwamba mtu mwenye kupiga sana hana haja ya kununua risasi mpya, maadamu ganda la shaba ya manjano, ambalo ndilo ghali, huokotwa na kujazwa tena mara nyingi. Maganda hutiwa katika pipa lizungukalo pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakatoka yaking’aa. Kisha kila moja husukumwa ndani ya kalibu irudishe umbo lake, na humo mna sindano ipitayo katika tundu la kitako na kuitoa fataki iliyokwisha kulipuka. Ndipo hutiwa fataki mpya, na baruti iliyopimwa kwa chembe, ambazo 7000 zake ni ratli moja, na mwisho kichwa cha risasi kikapachikwa juu.

Na hapa pana kisa kilichonifurahisha hata nikasahau hasara yangu. Mwaka 1866 kanali Hiram Berdan wa Marekani alibuni fataki yake, na mwaka huo huo Edward Boxer, afisa wa jeshi la Uingereza, akabuni ya kwake. Ya Boxer hubeba fuawe yake yenyewe, na ganda lina tundu moja katikati. Ya Berdan huiacha fuawe ndani ya ganda, na matundu yake ni mawili madogo pembeni. Sasa ajabu ya walimwengu: ya Mmarekani ikaenea Ulaya, na ya Mwingereza ndiyo iliyoitawala Marekani, kila mmoja akakubalika ugenini. Gunia la maganda ya rahisi alilolileta shemeji lilikuwa la Berdan, sindano ikatafuta tundu katikati isilione, ikavunjika.

Kadhalika ganda lisilopakwa mafuta lilinasa katika kalibu likakaa humo mpaka leo. Pangaboi liliyumbisha mizani. Risasi moja ilisahauliwa baruti, ikatoa mlio wa mtu apuliziaye kikombe cha chai na kukwama ndani ya mtutu.

Mke wangu, ambaye ndiye mwenye daftari la nyumba, ameomba aonyeshwe akiba yote tuliyoipata kwa njia hii, na ndugu yake akaenda gereji akamletea gunia la maganda.